Mizani Hupima Uzito, Mlinganyo Huhesabu Chembe

Kilo 100 za mawe ya chokaa yaliyo safi, zikichomwa tanuuni mpaka zikaiva kabisa, hutoa kilo 56 za chokaa. Si 60, si 50. Wachoma chokaa wa pwani, ambao kazi yao ndiyo iliyoshikamanisha kuta za matumbawe za Lamu, Kilwa na Mji Mkongwe wa Unguja, walijua kwa macho na kwa mikono kwamba kinachotoka tanuuni ni chepesi kuliko kilichoingia. Zile kilo 44 hazikupotea: zilipaa hewani zikiwa kaboni dayoksaidi. Mwenye kemia ya kidato cha tatu anaweza kuzitaja kabla kuni hazijawashwa. Hiyo ndiyo kazi ya tawi la kemia liitwalo stoikiometri, kutaja kiasi kabla hakijatokea, na wanafunzi wetu huliita kwa kifupi “hesabu za moli”.

Mada hii ndiyo inayowafukuza wengi katika kemia. Utamkuta mtoto anaeleza bila kusita namna sodiamu inavyoachia elektroni yake moja, anataja rangi ya kila mwali wa maabara, lakini ukimuuliza gramu ngapi za hiki zitatoka katika gramu kadhaa za kile, kalamu inasimama. Wengi husema hesabu zake ni mbovu. Sikubaliani nao. Hesabu inayotakiwa hapa ni kuzidisha na kugawanya, kazi ya darasa la sita, na mtoto huyohuyo hufaulu maswali magumu zaidi kwenye somo la hisabati. Kinachomkwamisha ni kwamba amepewa namba za aina mbili ndani ya swali moja, na hakuna aliyemwambia waziwazi kuwa ni za aina mbili.

Chukua utengenezaji wa amonia, chanzo cha karibu mbolea zote za naitrojeni za viwandani:

N₂ + 3H₂ → 2NH₃

Ile 3 na ile 2 ni idadi. Molekuli moja ya naitrojeni hukutana na tatu za haidrojeni, zikatoka mbili za amonia. Namba hizo hazisemi lolote kuhusu gramu. Anayezisoma kama gramu ataandika kwamba gramu 1 na gramu 3 zimezaa gramu 2, na kutoweka kwa gramu 2 nyingine hakutamshtua. Ukizigeuza namba hizo kuwa uzito, naitrojeni ni gramu 28, haidrojeni gramu 6, amonia gramu 34. Idadi ya molekuli imeshuka kutoka nne hadi mbili, na uzito haukupungua hata kidogo. Mambo hayo mawili ni kweli kwa pamoja. Mwanafunzi asiyeona kuwa hayapingani hatasonga mbele, hata umpe fomula ngapi.

Fundi anayehitaji bolti moja na washa mbili kwa kila tundu hahesabiwi moja moja dukani. Anapimiwa kwa kilo. Akiagiza kilo moja ya bolti na kilo mbili za washa, atarudi na washa za kugawa mtaa mzima, kwa kuwa washa ni nyepesi. Muuzaji mjanja hupima bolti 100 akaandika uzito wake, akapima washa 100 akaandika, na tangu hapo anahesabu kwa mizani. Mkemia hafanyi kingine. Mia yake ndiyo moli, na imelazimika kuwa kubwa mno kwa sababu chembe zake ni ndogo mno: 6.02214076 × 10²³ kamili. Tangu 1971 moli ilifungwa rasmi kwenye gramu 12 za kaboni-12. Kuanzia Mei 20, 2019 imefungwa kwenye namba hiyo yenyewe. Mabadiliko hayo hayabadili jibu lolote la mtihani wa sekondari, ila yamenyoosha jambo ambalo vitabu vingi vililiacha limepinda: moli ni idadi, na uzito wa moli moja hutegemea ni moli ya nini. Ya haidrojeni ni gramu 2, ya maji gramu 18, ya kalsiamu kaboneti gramu 100.

Anayedhani mtu mwenye akili angepaswa kuiona tofauti hii mara moja na aangalie historia. Mjerumani Jeremias Richter, aliyeanza kuchapisha kitabu chake cha stoikiometri mwaka 1792, alipima ni kiasi gani cha asidi kinachomaliza nguvu ya kiasi fulani cha besi, na alifanya yote hayo kwa uzito mtupu, bila atomu. Miaka mitatu kabla yake Lavoisier alikuwa ameshaandika huko Ufaransa kwamba katika mabadiliko ya kemikali uzito unaoingia ndio unaotoka. Mkemia Proust akaonyesha kuwa kampaundi moja huwa na uwiano uleule wa uzito, popote ilikotoka. Mpaka hapo mizani ilikuwa inatosha. Mambo yalichafuka alipokuja John Dalton, na kitabu chake cha 1808, akisema elementi ni atomu zenye uzito maalumu. Wazo lilikuwa sahihi, lakini Dalton hakuwa na njia ya kujua atomu ngapi za haidrojeni hukaa na ngapi za oksijeni ndani ya maji. Akakisia moja kwa moja: HO. Kwa kisio hilo, hata vipimo vikiwa safi namna gani, oksijeni huwa na uzito wa 8 badala ya 16, na kila hesabu inayoigusa hupinda.

Mwitalia Avogadro alitoa ufunguo mwaka 1811: gesi zenye ujazo sawa, katika joto na mgandamizo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Wachache walimsikiliza. Alifariki 1856, na ilibidi kusubiri mpaka Septemba 1860, kwenye mkutano wa wakemia mjini Karlsruhe, ambapo mwenzake Mwitalia, Stanislao Cannizzaro, alitetea hoja hiyo mbele ya wakubwa wa Ulaya na kijitabu chake kikagawiwa kwa waliohudhuria. Kwa hiyo mabingwa walihitaji nusu karne kutenganisha uzito wa elementi na idadi ya atomu zake. Sisi tunampa mtoto vipindi vichache, halafu tunashangaa.

Njia yenyewe, ukishaitambua tofauti hiyo, ni fupi. Uzito unageuzwa kuwa moli kwa kuugawa kwa uzito wa moli moja. Moli za kitu kimoja zinageuzwa kuwa moli za kitu kingine kwa uwiano wa mlinganyo uliosawazishwa. Kisha moli zinarudishwa kuwa uzito, au ujazo, au chochote swali linachotaka. Kivuko ni kimoja tu, nacho ni cha moli kwa moli. Hakuna njia halali ya kutoka gramu za hiki hadi gramu za kile bila kupita hapo, hata pale mwenye uzoefu anapoonekana kuruka. Amepita, ila kwa haraka.

Turudi kwenye mawe, safari hii yasiyo safi. Tani nusu ya mawe yenye kalsiamu kaboneti asilimia 90 ina kilo 450 za kitu tunachokihesabu. Kilo 50 zilizobaki ni mchanga na udongo, navyo havimo kwenye mlinganyo. Kilo 450 ni gramu 450,000. Gawa kwa 100, unapata moli 4,500. Mlinganyo CaCO₃ → CaO + CO₂ unasema moja kwa moja, basi kalsiamu oksaidi ni moli 4,500 vilevile, na kila moja ni gramu 56: kilo 252. Chokaa hiyo ikizimwa kwa maji inakuwa CaO + H₂O → Ca(OH)₂, moja kwa moja tena, kwa hiyo inakunywa moli 4,500 za maji, yaani kilo 81, na kuzaa kilo 333 za chokaa iliyozimwa. Jumlisha 252 na 81 uone kama zinakubali. Mafundi humwaga maji mengi zaidi ya hayo, na wana haki: chokaa ikizimwa hutoa joto kali, sehemu ya maji ikaondoka na mvuke. Mlinganyo hutaja maji yaliyoingia ndani ya kampaundi. Yaliyochemka yakaenda zake hauyajui.

Sasa lile jambo linalonikera. Madarasani pamejaa pembetatu: uzito juu, moli na uzito wa moli chini, funika unachokitafuta kwa kidole kisha soma kilichobaki. Inafanya kazi vizuri sana kwenye maswali yaliyotungwa ili ifanye kazi. Mwanafunzi akizoea kidole, hajiulizi tena namba aliyopata ni ya nini. Ataandika “n = 0.5” bila kusema ni nusu moli ya kipi, na swali likiwa na vitu vitatu, atatumia nusu hiyo popote penye nafasi. Ningekuwa na uwezo ningepiga marufuku kila moli isiyo na jina. “Moli 0.5 za chuma” ni jibu. “0.5” peke yake ni namba tu.

Pembetatu huvunjika kabisa pale vitendanishi viwili vinapotajwa kwa kiasi, na swali halisemi kipi kitaisha kwanza. Hapa ndipo mada yote inapopimwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Mafundi wa reli huunga vyuma kwa termiti, mchanganyiko wa oksaidi ya chuma na unga wa aluminiamu unaowaka kwa joto la kuyeyusha chuma:

Fe₂O₃ + 2Al → Al₂O₃ + 2Fe

Tuseme una gramu 80 za oksaidi na gramu 40.5 za aluminiamu. Wanafunzi wengi watasema aluminiamu itaisha kwanza, maana ndiyo ndogo kwenye mizani. Geuza kuwa moli: oksaidi ni 80 ÷ 160, nusu moli, aluminiamu ni 40.5 ÷ 27, moli moja na nusu. Nusu moli ya oksaidi inahitaji moli moja tu ya aluminiamu. Iliyo nzito ndiyo inayoisha, aluminiamu gramu 13.5 inabaki haina wa kuungana naye, na chuma kinachopatikana ni moli moja, gramu 56. Waliochagua kwa mizani wamekosea.

Basi wajanja hujirekebisha: chagua chenye moli chache. Nao pia wamekosea. Weka moli 2 za naitrojeni na moli 3 za haidrojeni kwenye ule mlinganyo wa amonia. Naitrojeni ndiyo chache, lakini kila moja inadai haidrojeni tatu. Kwa moli zote 2 ingehitaji haidrojeni 6, nazo zipo 3. Haidrojeni ndiyo inayoisha. Kinachoamua ni kiasi kilichopo kikilinganishwa na kiasi kinachodaiwa: gawa moli za kila kitendanishi kwa namba yake ya mbele, kisha tazama ndogo. Hapa 2 ÷ 1 ni 2, na 3 ÷ 3 ni 1.

Kanuni hiyo ya kugawanya ni nzuri, ila nayo inaweza kukaririwa kama pembetatu. Mimi napendelea jedwali la mistari mitatu. Mstari wa kwanza, kilichokuwepo: naitrojeni 2, haidrojeni 3, amonia 0. Wa pili, kilichobadilika: naitrojeni imepungua 1, haidrojeni imepungua 3, amonia imeongezeka 2. Wa tatu, kilichobaki: 1, 0, 2. Ni mstari wa pili pekee unaofuata namba za mlinganyo. Kilichokuwepo na kilichobaki havifungwi na uwiano wowote, na hapo ndipo wengi huchanganya, wakilazimisha moli walizopewa mwanzoni zifuate 1 kwa 3. Jedwali hili lina faida nyingine: linajikagua. Mwanzo kulikuwa na gramu 56 za naitrojeni na 6 za haidrojeni, jumla 62. Mwisho kuna naitrojeni 28 na amonia 34. Jumla 62.

Kitendanishi kinachoisha mapema si mchezo wa mtihani. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni swali hilohilo. Kaboni gramu 12 ikipata oksijeni gramu 32 inakuwa kaboni dayoksaidi. Ikipata gramu 16 tu, oksijeni inatosha kutengeneza kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu waliolala. Kwa kweli ndani ya jiko hutoka mchanganyiko wa zote mbili, na kadiri hewa inavyopungua ndivyo ile ya sumu inavyozidi. Kwa hiyo upungufu wa kitendanishi kimoja unaweza kupunguza zao, na unaweza pia kubadili zao lenyewe. Vitabu vingi huishia kwenye lile la kwanza.

Kwenye gesi ndipo hesabu hizi zinapoleta majibu ya kushangaza. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Chukua butani:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Kwa gramu: 116 za butani na 416 za oksijeni hutoa 352 za kaboni dayoksaidi na 180 za maji. Mtungi mdogo wa kilo 6, kwa uwiano huo, ukiisha umetoa karibu kilo 18 za kaboni dayoksaidi. Ukifanya hesabu kwa propani tupu unapata kilo 18 vilevile. Mtu akiambiwa kwamba kilo 6 zimezaa 18 hudhani kuna uongo, mpaka akumbuke kwamba sehemu kubwa ya uzito huo imetoka kwenye oksijeni ya chumbani mwake. Na ni oksijeni nyingi: karibu kilo 21.5, moli zipatazo 672. Kwa lita 24 kwa kila moli katika hali ya kawaida ya chumba, na oksijeni ikiwa karibu asilimia 21 ya hewa, mtungi huo unahitaji hewa ya mita za ujazo 77 hivi. Chumba cha mita tatu kwa tatu chenye dari ya mita 2.7 kina mita za ujazo 24. Mwenye nyumba akiuliza kwa nini jikoni kuwe na dirisha, jibu ni hilo.

Tahadhari moja hapa, na tuipite haraka: lita 24 na lita 22.4 ni za gesi peke yake, ya kwanza kwa joto la chumba, ya pili kwa nyuzi 0. Wapo wanaozidisha moli za maji ya kimiminika kwa 22.4. Moli moja ya maji hayo haijazi hata vijiko viwili vya mezani.

Kwenye titresheni, mazoezi ambayo mtahiniwa wa KCSE nchini Kenya hukutana nayo katika karatasi ya tatu na mwenzake wa NECTA nchini Tanzania katika mtihani wa vitendo, kosa hujificha zaidi kwa sababu kila jibu linaonekana la heshima. Tuseme pipeti imebeba sentimita za ujazo 25.0 za sodiamu kaboneti ya 0.05 M, na bureti imetumia 20.0 za asidi ya haidrokloriki:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Moli za kaboneti ni 0.00125, za asidi ni maradufu, 0.0025, na ndani ya sentimita 20 zinakuwa 0.125 M. Aliyesahau ile 2 atapata 0.0625. Aliyetumia fomula maarufu ya uwiano wa M na V akaigeuza juu chini atapata 0.03125. Majibu matatu, kila moja nusu ya mwenzake, na kikokotoo hakina la kusema kuhusu lipi ni la kweli. Lakini akili inalo. Kila kaboneti moja inataka asidi mbili, kwa hiyo moli za asidi ni maradufu. Na zimekaa ndani ya ujazo mdogo kuliko wa kaboneti. Basi ukali wa asidi lazima uzidi mara mbili ya 0.05. Linalopita mlango huo ni moja tu. Ukaguzi kama huu unachukua muda mfupi, hauhitaji fomula, na ni nadra kuuona katika karatasi za majibu.

Mahali ambapo stoikiometri inasomwa na watu wengi kuliko darasa lolote ni kwenye mfuko wa mbolea. Urea ni CO(NH₂)₂, uzito wa moli gramu 60, na ndani yake naitrojeni gramu 28, sawa na asilimia 46.7 ikiwa safi. Mfukoni huandikwa 46. Mbolea ya SA ni (NH₄)₂SO₄, gramu 132, naitrojeni ni ileile gramu 28, lakini sasa ni asilimia 21 tu. Mfuko wa kilo 50 wa Urea una kilo 23 za naitrojeni. Kuzipata kwa SA mkulima anahitaji karibu kilo 110, zaidi ya mifuko miwili. Bei ya mfuko bila hesabu hiyo inapotosha. (SA ina salfa pia, na shamba lenye njaa ya salfa litaipenda, lakini hilo ni swali la udongo.) Mbolea ya DAP imeandikwa 18-46-0, na ile 46 wengi huisoma kuwa fosforasi. Sivyo. Kwa desturi ya biashara ya mbolea, fosforasi huandikwa kana kwamba ni P₂O₅, ingawa mfukoni hamna P₂O₅ hata punje. Katika gramu 142 za P₂O₅ fosforasi ni 62, hivyo asilimia 46 inashuka hadi karibu 20. Swali la namna hii lingefaa mtihanini kuliko mengi ninayoyaona, maana mtahiniwa angekuwa na sababu ya kulijibu.

Kila jibu lililotajwa hapa ni dari. Mlinganyo unasema haiwezekani kupata zaidi ya hapo. Hausemi utapata kiasi hicho. Amonia ndiyo mfano wa wazi: gesi zikipita mara moja kwenye mtambo, ni karibu asilimia 15 tu zinazogeuka, kwa sababu mmenyuko huo unarudi nyuma huku unaenda mbele. Viwanda havikati tamaa. Vinaitenga amonia iliyopatikana na kuzirudisha gesi zilizobaki zipite tena na tena. Maabarani zao hupungua kwa sababu nyingine: limeshika kwenye karatasi ya kuchujia, halikukauka vizuri, mmenyuko mwingine umejitokeza pembeni. Zao linapozidi asilimia 100, mwanafunzi asishangilie. Kwa kawaida amepima na maji.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania kuna mzigo wa ziada, nao ni lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya umma husoma sayansi kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza, na swali la moli ni aya nzima ya maelezo kabla haijawa hesabu. Ndani ya aya hiyo imefichwa habari ya kitu kilichowekwa kwa wingi kupita mahitaji, kilichokauka, kilichobaki. Anayekosea kusoma amekosa kabla hajaandika. Walimu wenye busara hufanya jambo rahisi: humtaka mwanafunzi asimulie swali kwa Kiswahili, nini kiliwekwa, nini kilitokea, nini kinatafutwa, kabla hajagusa kalamu. Wengine huona hilo ni kupoteza muda wa mtaala. Mimi naona muda unapotea pale darasa zima linapofundishwa fomula ya tano kwa tatizo la kusoma.

Ombi langu kwa watunga mitihani ni dogo. Watoe maswali machache zaidi ya kuzungusha namba, na mengi zaidi yanayouliza kipi kitaisha kwanza, kiasi gani kitabaki na kwa nini jibu fulani haliwezekani. Alama zitolewe kwa moli zilizoandikwa pamoja na jina la kitu. Darasa hufundisha kile kinachosahihishwa.

Na msomaji anayetaka kujipima achukue trona ya Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, ambayo huchomwa kiwandani kupata sodiamu kaboneti ya kutengenezea vioo:

2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O

Sodiamu ni 23, kaboni 12, oksijeni 16, haidrojeni 1. Tani moja ya trona safi haiwezi kutoa zaidi ya kilo 704 za sodiamu kaboneti.